Mjuaji wa Darasa la Jioni Hutengenezwa Mlangoni

Hapa Lubumbashi, Kongo, kuanzia komini (mitaa mikubwa ya mji) za Katuba na Kenya hadi Kampemba na Ruashi, madarasa ya jioni ya watu wazima yamepata wanafunzi wa aina ambayo zamani haikuonekana sana humo. Wanaokaa kwenye madawati si vijana waliokatiza shule peke yao. Wamo mafundi wa umeme wenye mvi, wachomeleaji wa vyuma, waendeshaji wa mitambo, mama wenye meza sokoni wanaotaka kuandika hesabu zao wenyewe, na watu waliofanya kazi miaka ishirini bila kuulizwa cheti, ambao leo wanaulizwa cheti kila wanapofika kwenye lango la kampuni. Pamoja nao limeingia lalamiko ambalo nalisikia kwa wakufunzi mara kwa mara: wajuaji wamezidi. Wanamkatiza mwalimu, wanasahihisha ubao, wanajibu maswali ya wenzao kabla mwenye kuulizwa hajafungua kinywa. Baadhi ya vituo vimeamua kulijibu jambo hili kwa kanuni za nidhamu, yaani onyo, kutolewa nje, na mwishowe kufutwa kwenye orodha pasipo kurudishiwa ada. Naamini uamuzi huo umetokana na kulisoma jambo vibaya. Mjuaji wa darasa la watu wazima, kwa sehemu kubwa, tunamtengeneza sisi wenyewe mlangoni, siku ya usajili, tunapopokea fedha na picha mbili ndogo bila kumwuliza anajua nini na amekijuaje. Kinachoonekana baadaye kama ukosefu wa adabu ni jibu la swali hilo ambalo halikuulizwa, likitolewa kwa sauti kubwa na mahali pasipo pake.

Lugha yetu imeliona tatizo hili zamani. Kutoka kitenzi kimoja, kujua, imetoa majina mawili ya watu: mjuzi, ambalo ni sifa, na mjuaji, ambalo ni lawama. Ukiyatazama majina hayo kwa makini utaona kwamba hayatofautishi kiasi cha maarifa. Mjuzi wa kweli ataitwa mjuaji akisema mahali ambapo hakutakiwa kusema, na mwenye kujua kidogo atapita kama mjuzi akijua kunyamaza kwa wakati. Tofauti ipo kwenye ruhusa ya kusema, na darasani anayeitoa ruhusa hiyo ni mwenye chaki. Sasa mwenye chaki ni mmoja wa pande mbili zinazohusika. Akisahihishwa mbele ya wanafunzi thelathini, heshima yake ndiyo iliyoguswa, na ni vigumu mtu aliyeguswa kuamua kwa haki kama aliyemgusa alikuwa na hoja. Kwa hiyo kabla ya kuuliza jinsi ya kumtuliza mjuaji, mkufunzi anapaswa kuuliza swali gumu zaidi, yaani kama alichosema mtu huyo kilikuwa kweli.

Swali hilo lina uzito wa pekee katika mji huu kwa sababu ya namna ufundi ulivyofundishwa Katanga. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba, iliundwa mwaka 1906, mji wenyewe ukaanzishwa mwaka 1910, na kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 kampuni iliacha kutegemea vibarua wa muda mfupi, ikaanza kuwakalisha wafanyakazi na familia zao katika kambi zenye shule, hospitali na mgao wa chakula. Baada ya utaifishaji wa mwaka 1967, kampuni ya taifa ambayo sote tunaijua kwa jina la Gécamines iliurithi utaratibu huo, na wazee wetu bado wanasema kwamba kazi ilikuwa baba na mama. Ndani ya utaratibu huo kijana aliingia karakana akiwa msaidizi, akasimama nyuma ya fundi, akashika spana, akakosea, akasahihishwa, na baada ya miaka kadhaa akawa mtu wa kutegemewa. Shule za ufundi za kampuni zilikuwepo, lakini wengi walipanda kwa mikono yao, na ushahidi wa ujuzi wao ulikuwa kampuni yenyewe: mkuu wa karakana alimjua, wenzake walimjua, mota aliyoifunga ilizunguka. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja kampuni ingekosa nguvu ya kutoa ushahidi huo.

Siku hiyo ilifika. Mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990. Uzalishaji wa shaba, ambao katikati ya miaka ya 1980 ulikuwa umepita tani 400,000 kwa mwaka, ukashuka hadi sehemu ndogo sana ya kiasi hicho. Na kuanzia mwaka 2003, kwa msaada wa Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka katika mpango ulioitwa wa hiari. Waliondoka na malipo ya mwisho, na ujuzi wao ukaondoka ndani ya mikono yao bila kuandikwa popote. Sheria ya madini ya mwaka 2002 ilikuwa imekwisha kufungua mlango kwa wawekezaji binafsi, kisha sheria ya tarehe 8 Februari 2017 kuhusu ukandarasi mdogo, yaani kazi ambazo kampuni kubwa hukabidhi kampuni nyingine, ikazihifadhi kazi hizo kwa kampuni ambazo mtaji wake uko zaidi mikononi mwa Wakongomani. Kampuni ndogo inayotafuta kazi mgodini hutakiwa kuonyesha sifa za mafundi wake, na sifa kwa wanaosoma majalada ni karatasi. Ndivyo mtu aliyepita miaka 50, ambaye amewahi kufungua na kufunga mota kubwa kuliko meza ya mwalimu, anavyojikuta akinakili ubaoni maana ya mkondo wa umeme. Hakuja kujifunza alichokwisha kukifanya maisha yake yote. Amekuja kutafuta karatasi, na njia pekee tuliyomwachia ya kuipata ni kukaa miezi sita akijifanya hajui. Binafsi nashangaa zaidi ninapomwona ananyamaza.

Kumweka mtu huyo mbele ya somo la mwanzo kuna madhara ambayo wataalamu wameyapima. Mwaka 1998 watafiti Kalyuga, Chandler na Sweller, wakifanya kazi Australia na wanagenzi wa ufundi, walichunguza namna watu wanavyojifunza kutokana na michoro ya nyaya za umeme. Kwa wanaoanza, mchoro uliokuwa na maelezo yameandikwa ndani yake, kando ya kila sehemu, ulisaidia sana. Lakini kadiri wanagenzi walewale walivyopata uzoefu, maelezo yaleyale yaligeuka mzigo, na mchoro mtupu ukawa bora. Baadaye, mwaka 2003, jambo hilo lilipewa jina lake katika elimu ya kujifunza, na maelezo yake ni rahisi kuyafuata: mtu mwenye picha kamili kichwani analazimika kulilinganisha kila neno la mwalimu na ile picha, na kazi hiyo ya kulinganisha humla nguvu ambazo angezitumia kujifunza jipya. Nikisoma matokeo hayo nawaona mafundi wetu. Yule anayesema kwa sauti, kwa Kiswahili cha hapa kwetu, “Mwalimu, ile haiko vile, siye ku kazi tulikuwa tunafunga hii mbele,” mara nyingi anaifanya kazi ya kulinganisha hadharani, kwa kuwa hatukumpa mahali pengine pa kuifanyia. Kumbe tunachokiita fujo kinaweza kuwa mzigo wa somo lisilomfaa.

Wakufunzi waliosoma wana jibu tayari kwa hoja hii, na wanalitoa kwa sura mbili. Sura ya kwanza ni methali, kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Sura ya pili ni ya kisayansi: wanataja utafiti wa Justin Kruger na David Dunning wa mwaka 1999, ambao unajulikana duniani kote kama uthibitisho kwamba asiyejua ndiye anayejiona mjuzi. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu, na inastahili kujibiwa kwa urefu kwa sababu inavaa koti la elimu. Watafiti hao waliwapima wanafunzi wa chuo kikuu cha Cornell, Marekani, katika ucheshi, sarufi na mantiki. Waliokuwa katika robo ya chini walifanya vizuri kuliko asilimia 12 tu ya wenzao kwa wastani, nao walidhani wamewashinda asilimia 62. Ni pengo kubwa. Hata hivyo waliopimwa walikuwa vijana wa chuo katika mambo ambayo hawakuwa na kazi ya kuyafanya kila siku. Hawakuwa mafundi ambao kwa miaka 25 walipewa majibu na chuma chenyewe, pale kiungo kilipopasuka au mota ilipoungua. Baadhi ya wanatakwimu wamekwisha kuonyesha pia kwamba sehemu ya pengo hilo hutokea kwa sababu ya hesabu yenyewe, maana aliye chini kabisa hana pa kukosea isipokuwa juu. Na jambo ambalo wanaoutaja utafiti huo husahau kulisema ni kwamba watafiti waliwafundisha baadhi ya waliofanya vibaya katika mantiki, na baada ya kufundishwa watu hao waliweza kuyaona makosa yao vizuri zaidi. Maana yake, hata tukikubali kila kitu ndani yake, dawa iliyopendekezwa na utafiti ule ni kumfundisha mtu. Kumfukuza hakumo.

Hoja yenye nguvu ya upande wa nidhamu ni nyingine kabisa, na sitaki kuipita haraka. Ni haki ya wanafunzi wengine. Mama aliyefunga meza yake soko la Kenya saa kumi na moja, akapanda basi dogo na kuacha watoto kwa jirani, ana saa moja na nusu ya kujifunza kugawanya faida kwa mtaji. Kila dakika ambayo mwanamume wa dawati la mbele anaitumia kueleza jinsi alivyofanya hesabu za bohari imekatwa kwenye saa yake, naye ameilipia. Wala hasara haiishii kwenye dakika. Asikiapo jibu likitolewa kwa haraka na kwa uhakika, anaamini kwamba wote wanajua isipokuwa yeye, na wiki inayofuata haji. Katika madarasa ya kusoma na kuandika, ambako wanawake ni wengi, nimeona jambo hili likitokea kimya kimya bila mkufunzi kulitambua, kwa sababu mwenye kuondoka hakufanya kelele. Kwa hiyo anayesema kwamba mjuaji ana maumivu yake na tumwache aseme, amemsahau aliyeumizwa zaidi.

Nakubaliana na hoja hiyo nusu nzima, nayo nusu hiyo ni kubwa: darasa halina budi kulindwa. Ninachokataa ni hatua inayofuata, kwamba ulinzi wake ni kumnyamazisha mtu mmoja. Mkufunzi akimnyamazisha mjuaji, mama wa dawati la nyuma hapati sauti. Anachopata ni somo kwamba katika chumba hiki anayesema huadhibiwa. Tunawaambia wanafunzi kila siku kwamba kuuliza si ujinga, kisha wanatazama kinachompata aliyeuliza kwa nguvu. Penye matumaini ni kuubadilisha utaratibu wa kujibu wenyewe. Mary Budd Rowe, aliyechunguza masomo ya sayansi katika shule za msingi za Marekani na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, aligundua kwamba baada ya kuuliza swali walimu walisubiri kwa wastani sekunde moja hivi, na kwamba waliposubiri sekunde tatu au zaidi majibu yalirefuka na wanafunzi waliodhaniwa wazito wakaanza kusema. Yalikuwa madarasa ya watoto, ni kweli, lakini sekunde ile moja naiona katika kila darasa la watu wazima ninaloingia. Sekunde moja ni mali ya mjuaji. Swali linaloulizwa kwa darasa zima na kusubiri mkono wa kwanza ni swali ambalo tumemwuliza yeye peke yake bila kumtaja jina.

Ndiyo maana napendekeza kwamba katika darasa la watu wazima jibu lisitamkwe kabla ya kila mtu kuwa na lake. Wanaoandika waliandike kwenye kipande cha karatasi. Wasioandika waweke kokoto katika moja ya makopo mawili. Inachukua dakika moja. Mjuaji ameshajibu, kwa hiyo hana cha kukimbilia; mama wa nyuma ameshajibu, kwa hiyo hawezi tena kudhani kwamba wote walikubaliana; na mkufunzi anaona kwa macho yake nani anajua nini. Ndipo majadiliano yaanze, na mkufunzi aanze na yule ambaye hajazoea kuitwa. Nimewasikia wenzangu wakisema kwamba makopo na kokoto ni mambo ya kitoto yasiyomfaa mtu mzima. Sioni kwa nini. Watu wazima wa nchi hii hupiga kura kwa siri, na hakuna anayesema kwamba siri ya kura ni mchezo wa watoto.

Upande wa pili wa mjadala kuna kosa ambalo ni pole kwa sura na kali kwa matokeo. Wapo wakufunzi, hasa waliopitia mafunzo ya mashirika, wanaoamini kwamba mtu mzima tayari anajua, na kwamba kumsahihisha ni kumdhalilisha. Wanamtaja Paulo Freire wa Brazili, aliyekataa elimu inayomfanya mwanafunzi kuwa sanduku la kuwekewa akiba. Nadhani hawajamsikiliza hadi mwisho. Freire hakufuta mamlaka ya mwalimu. Alitofautisha mamlaka na ubabe, na alitaka mwalimu anayejua kazi yake. Tena watu wanaompenda kwa ajili ya mazungumzo ya darasani husahau kilichotangulia mazungumzo hayo. Katika kampeni ya mwaka 1963 ya kufundisha kusoma na kuandika huko Angicos, Brazili, kama katika kazi zake nyingine, timu yake ilitangulia kwenda kwa watu, kusikiliza maneno wanayoyatumia kazini na nyumbani, na kutoka humo wakachagua maneno ya kufundishia kusoma. Yaani waliuliza watu wanajua nini kabla ya kuandaa somo la kwanza. Anayelinukuu jina la Freire huku akimpokea kila mtu kwa somo lilelile lililotolewa nakala mwaka juzi ameyaacha mambo mawili kwa pamoja.

Na ukweli ni kwamba uzoefu hufundisha makosa pia, kwa uhodari uleule unaofundisha usahihi. Chukua mfano wa nyumbani. Fundi amezoea kuweka swichi ya taa kwenye waya wa nyutro, ule wa kurudisha umeme, badala ya waya wa moto, ule ambao mafundi wetu huuita fazi. Ukibonyeza, taa inazimika. Ukibonyeza tena, inawaka. Ameshafunga nyumba mia kwa namna hiyo na hakuna aliyerudi kulalamika, kwa hiyo miaka 20 yote inamshuhudia kwamba yuko sahihi. Lakini katika nyumba zile, taa ikiwa imezimwa, kishikio chake bado kina volti zipatazo 220 kuelekea ardhini, na atakayepanda juu ya meza kubadilisha taa huku akiamini swichi anaweza kufa. Uzoefu hauwezi kumwambia fundi huyu kosa lake, kwa sababu kosa lenyewe halionekani hadi siku ya msiba, na siku hiyo yeye hayupo. Mkufunzi anayembembeleza mtu wa namna hii kwa jina la kuheshimu maarifa yake anashiriki katika hatari. Anayemfokea naye hapati kitu, kwa maana fundi ataondoka akiamini nyumba zake mia moja kuliko kelele za kijana mmoja.

Kinachofaa ni kulipeleka dai mezani. Weka ubao wenye taa, swichi na nyaya, ufungwe kama fundi anavyofunga. Kabla ya kupima, kila mtu atoe jibu lake kwa karatasi au kwa kokoto: swichi ikizimwa, kishikio kina umeme au hakina? Kisha mpe fundi yuleyule mita ya kupima umeme aishike yeye, chini ya uangalizi, kwa sababu mikono yake ni mizoefu. Na kabla hajagusa, mwombe alifundishe darasa kwamba kipimo chenyewe hujaribiwa kwanza mahali penye umeme unaojulikana, ndipo kinapotumika, kisha kinajaribiwa tena, maana kipimo kibovu kinasema “hakuna” mahali palipo na kifo. Mafundi wengi wa zamani wanakijua kipengele hicho kuliko wakufunzi wao. Mita itakaposoma, hakuna aliyeshindwa na mtu. Fundi amesahihishwa na kitu ambacho amekiamini maisha yake yote, na amefundisha jambo la kweli katika dakika zilezile alizojifunza kosa lake. Sijui njia nyingine inayoweka pamoja heshima ya mtu na ukweli wa jambo bila kukipunguza kimojawapo.

Kuna aina moja ya mjuaji ambayo mita haiioni, nami nililipia kuijua. Miaka kadhaa iliyopita nilifundisha darasa la jioni la kusoma michoro, katika kituo ambacho sitakitaja. Baba mmoja mwenye mikono ya kazi alinikatiza kila jioni. Kila nilipobandika mchoro alisimama kusimulia tukio la karakana, na masimulizi yake yalikuwa marefu na ya kweli. Jioni moja nilimwambia, mbele ya wote, kwamba tumelipa kujifunza michoro na hatukulipa kusikia historia. Alikaa, akamaliza saa yake bila neno, na hakurudi tena. Baadaye kijana aliyekuwa akikaa naye dawati moja aliniambia kwamba yule baba hakuweza kusoma maneno ya Kifaransa yaliyokuwa kwenye michoro yangu, wala namba zilizoandikwa kwa mtindo wa vitabu, na kwamba alikuwa akisimama kusema kila alipoona zamu ya kusoma inakaribia safu yake. Usemaji wake ulikuwa ukuta. Nilikuwa nimeuchukulia kuwa majivuno, na kwa maneno yangu nikaubomoa ukuta huo mbele ya watu ambao alikuwa amejificha wasimwone. Nilimtafuta kupitia kijana yule. Alijibu kwamba anashukuru, ana kazi nyingi. Jambo hilo bado linaniuma.

Kifaransa kina sehemu yake katika haya yote, na hatusemi vya kutosha. Katiba inakitambua Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, lakini darasa la ufundi la jioni huendeshwa kwa Kifaransa au kwa mchanganyiko ambao maneno yenye uzito yote ni ya Kifaransa. Matokeo yake ni kwamba mwenye Kifaransa chepesi anahesabiwa mjuzi hata asiposhika koleo, na fundi anayeeleza kwa Kiswahili sahihi kwa nini bomba litapasuka anahesabiwa msumbufu. Mkufunzi akitaka kujua ni nani hasa anayejua, aruhusu kila jambo lielezwe kwanza kwa Kiswahili, kisha maneno ya Kifaransa yafundishwe kama somo la kando, kwa kuwa kampuni zitayahitaji. Na ikiwa kuna neno la kumwambia baba au mama kuhusu mwenendo wake, likasemwe nje, baada ya watu kuondoka, na aliyeitwa Papa au Mama darasani aendelee kuitwa hivyo hata wakati wa kuonywa. Kijana wa miaka 27 anayemfundisha mtu wa umri wa baba yake hapunguzi mamlaka yake kwa kusema, “Papa, nahitaji msaada wako, nipe nafasi wengine waseme kwanza.” Kwa desturi zetu, hilo ni ombi ambalo mzee hawezi kulikataa bila kujiaibisha mwenyewe.

Kuhusu simu, ambazo baadhi ya vituo vinazilaumu kwa kila kitu, sina mengi. Ni kweli kwamba tangu programu za kujibu maswali zilipoenea baada ya mwisho wa mwaka 2022, mtu anaweza kusoma jibu kwenye kioo kabla mwalimu hajamaliza swali, na baadhi ya majibu hayo ni ya uongo ulioandikwa kwa ufasaha. Dai la simu nalo lipelekwe mezani kama dai la fundi. Mita haibagui.

Haya yote ni ya ndani ya darasa, nami nilisema mwanzo kwamba chanzo kiko mlangoni. Kituo kinachotaka kupunguza wajuaji kina kazi ya kufanya kabla ya somo la kwanza: nusu saa kwa kila anayejiandikisha, akiwa na mkufunzi, ubao wa nyaya, mita na mchoro mmoja, au daftari la mauzo kwa anayekuja kwa hesabu. Afanye anachoweza, asome anachoweza, bila mtu mwingine kutazama. Hapo ndipo yule baba wa masimulizi angejulikana kwamba mikono yake ni ya ngazi ya juu na kusoma kwake ni kwa ngazi ya chini, angepangiwa saa za kusoma, na asingelazimika kujenga ukuta. Ninazijua pingamizi. Nusu saa kwa watu arobaini ni saa ishirini, na mkufunzi hulipwa kwa saa za darasani tu. Zaidi ya hapo, na hili halisemwi wazi, kituo kinachoishi kwa ada ya kila mwezi hakina faida ya kugundua kwamba mtu anaweza kuruka miezi mitatu. Mjuaji anayelipa miezi sita kwa yale anayoyajua ni mteja mzuri, hata kama anasumbua. Nadhani hapa ndipo lilipo shina la jambo, na kanuni za nidhamu zinatusaidia kutolitazama.

Kwa hiyo mabadiliko hayawezi kuachwa kwa vituo pekee. Kifungu cha 44 cha Katiba kinasema kwamba kuondoa ujinga wa kutojua kusoma na kuandika ni wajibu wa taifa na kwamba serikali inapaswa kuandaa programu maalumu. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inaitambua elimu isiyo rasmi. Na INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi iliyoundwa mwaka 1964, ina jukumu la kuwaendeleza wafanyakazi waliokwisha kuwa kazini. Kinachokosekana ni mlango ambao mtu angeingia na ujuzi wake akatoka na karatasi, bila kupitia miezi ya kujifanya mgeni wa kazi yake mwenyewe. Ufaransa, ambayo tumeiga kwake mengi yasiyotufaa, iliweka mlango huo kwa sheria ya mwaka 2002: mwenye uzoefu huleta ushahidi wa kazi zake, baraza la watahini humsikiliza na kumpima, na linaweza kumpa cheti kizima au sehemu yake. Hapa kwetu ushahidi wa maandishi utakuwa haba, kwa sababu majalada ya kampuni nyingi yamepotea au hayafikiki. Lakini watahini wapo. Bado wanaishi, katika Katuba, Kamalondo na kambi za zamani, wakuu wa karakana waliostaafu, ambao wakimtazama mtu akishika chombo kwa dakika kumi wanajua alifundishwa na nani na alifikia wapi. Wakiwekwa pamoja na mkufunzi mmoja wa serikali na mwakilishi mmoja wa kampuni, wanaweza kufanya kazi ambayo mtihani wa maandishi hauwezi. Kila mwaka unaopita idadi yao inapungua.

Fomu ya usajili ninayoifahamu zaidi ina nafasi ya jina, mwaka wa kuzaliwa, komini, namba ya simu na kiasi kilicholipwa. Chini yake kuna mistari mitatu iliyoandikwa “mengineyo”, na katika mafungu ya fomu niliyowahi kuyapitia mistari hiyo ilikuwa mitupu karibu yote. Katika moja, mtu alikuwa ameandika kwa penseli, kwa herufi za kujifunza, kwamba alifanya kazi ya mota miaka 22. Hakuna aliyepiga mstari chini ya maneno hayo, na mtu huyo alikuwa amepangwa darasa la kwanza.